Masta ya Nyota: Maelezo Yetu Sisi Tuliobaki Nyumbani



Juma hili tunajibu maswali ambayo wengi wenu mmetuuliza sokoni, kwenye matanga na hata njiani: yule binti wa kikundi chetu aliyekwenda Afrika Kusini "kusoma nyota" anasoma kitu gani hasa? Nani analipa? Na mtoto wake amebaki na nani? Tumekubaliana kujibu kwa sauti moja, sisi wamama 23 wa likelemba yetu hapa Lubumbashi, kwa sababu jambo hili lilipita mikononi mwetu sote. Mwenyewe ametupa ruhusa. Ameomba tu tusiandike jina lake.

Mambo yalianza mwaka 2023, mwishoni mwa kiangazi. Binti huyu alikuwa mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari. Ana lisansi yake, ana mume anayefanya kazi ya mgodi huko Kolwezi, na wakati ule mtoto wao wa kike alikuwa na miaka 3. Mama yake ni mwenzetu, anauza samaki wakavu. Siku ya mkutano walikuja wote wawili na barua: amekubaliwa kusoma astronomia na astrofizikia huko Cape Town, mwaka mmoja wa matayarisho kwanza, halafu masta yenyewe. Bursi ingelipa minervali, chumba na chakula. Haikulipa pasipoti, viza, tafsiri ya diplome kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, wala safari. Aliomba mkopo wa dola 600 kutoka katika sanduku letu.

Mnajua sanduku la wamama lilivyo. Fedha ile ni ya mifuko ya makala, ya magunia ya unga, ya minervali ya Septemba. Kutoa dola 600 kwa mtu mmoja ni kuwaambia wengine wangoje. Kwa hiyo tuliuliza maswali mengi, naye alisimama mbele yetu akajibu kila moja.

Swali la kwanza lilitoka kwa mzee wetu mmoja: "Mwanangu, ni ile kazi ya kusoma nyota za watu, nani ataolewa na nani atapata mali?" Binti alicheka, akasema, "Hapana, mama. Hiyo ni ramli. Mimi ninataka kusoma nyota zenyewe: zinawaka namna gani, ziko mbali kiasi gani, zina uzito gani, zinazaliwa na kufa kwa njia gani." Akaeleza kwamba astronomia ni kuangalia na kupima vitu vya angani, na astrofizikia ni kutumia fizikia ili kuelewa kwa nini viko hivyo. Jua letu ni nyota kama nyingine. Nuru yake inatumia dakika 8 hivi kutufikia. Nuru ya Alpha Centauri, nyota jirani inayoonekana vizuri hapa kwetu, inatumia zaidi ya miaka 4. "Nuru mtakayoiona leo usiku," akasema, "ilipotoka kule, mtoto wangu alikuwa hajazaliwa."

Swali la pili: je, si mambo ya Wazungu haya? Hapo alitukumbusha vitu ambavyo tunavyo mdomoni kila siku. Katika lugha yetu, mwezi wa angani na mwezi wa kalenda ni neno moja. Kilimia, kile kikundi cha nyota ndogo zilizobanana, jina lake linatoka katika kulima, na hapa kwetu kinaanza kupanda mashariki mapema usiku wakati mvua zinapoanza. Halafu akatueleza habari ya Ishango, Kivu ya Kaskazini, pale mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward. Mwaka 1950 mtaalamu wa Ubelgiji, Jean de Heinzelin, alichimbua hapo mfupa mdogo wa sentimita 10 hivi, wenye alama zilizochongwa kwa mafungu. Una umri wa miaka kama 20,000, na leo umehifadhiwa Brussels. Wataalamu hawakubaliani juu ya maana ya alama zile. Wengine wanasema ni hesabu, wengine wanasema ni kalenda ya mwezi. Claudia Zaslavsky, mwalimu wa hesabu wa Marekani, aliona inawezekana kabisa kwamba mwenye kuzichonga alikuwa mwanamke aliyekuwa akihesabu siku zake. Wamama walicheka sana. Mmoja akasema, "Nani mwingine angekuwa na sababu ya kuhesabu?"

Swali la tatu lilikuwa gumu zaidi: masta hii italeta nini nyumbani? Hakutudanganya. Alisema kwamba haendi kusomea utajiri. Lakini alisema pia kwamba mwanafunzi wa astrofizikia anatumia siku nyingi mbele ya kompyuta kuliko mbele ya darubini. Anajifunza hesabu za juu, anaandika programu, anajifunza kutafuta alama ndogo sana ndani ya fujo kubwa ya namba. Ujuzi huo unahitajika katika benki, katika kampuni za simu, katika ramani zinazochorwa kwa picha za setilaiti, katika migodi, na katika vyuo vikuu vyetu ambavyo vinakosa walimu wa fizikia. Akatoa mfano wa wai-fai. Huko Australia, John O'Sullivan na wenzake katika taasisi ya CSIRO walisaidia sana kuitengeneza, wakitumia ujuzi ambao O'Sullivan aliupata katika kusikiliza redio za angani. Waliotafuta vitu vya mbali walituletea kitu tunachotumia kila siku.

Swali la nne ndilo lililotuchukua jioni nzima: na mtoto? Familia ya mume ilikuwa imesema wazi kwamba mwanamke mwenye ndoa haendi miaka 3 peke yake katika nchi nyingine. Mume alikuja mwenyewe kutoka Kolwezi kusema mbele yetu kwamba amekubali. Bibi wa mtoto alisema atamlea. Lakini bibi huyo anaamka saa kumi usiku kwenda kupokea samaki. Nani atakuwa na mtoto asubuhi? Nani atampeleka shule? Nani atakuwa naye akiwa na homa?

Tulipiga kura. Wamama 15 walikubali, 8 walikataa. Wale 8 walitoa sababu zao bila kuficha: mtoto wa miaka 3 anamhitaji mama yake, na masomo yanaweza kungoja kuliko mtoto. Hakuna aliyewaambia wanyamaze, kwa sababu maneno yao yalikuwa na uzito. Tunataka mjue pia kwamba mwenye kumpeleka mtoto shule kila asubuhi tangu siku ile ni mmoja wa wale 8. Alisema, "Nilikataa safari, sikumkataa mtoto."

Binti aliondoka Januari 2024, kwa basi, akapita Kasumbalesa na kuvuka Zambia. Mkopo ulirudishwa kwa miezi 10, dola 60 kila mwezi, mume na mama yake wakisaidiana. Juu ya fedha, basi, mambo yamekwisha.

Sasa tuwaeleze anachosoma. Afrika Kusini ina mpango wa taifa wa masomo ya astrofizikia na sayansi ya anga, unaoitwa NASSP kwa kifupi. Ulianza mwaka 2003, na umewakusanya wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Masta ina sehemu mbili. Kwanza kuna masomo ya darasani: namna nyota zinavyoishi, namna galaksi zilivyo, historia ya ulimwengu tangu mwanzo wake, na kazi nyingi ya kompyuta. Halafu kuna utafiti, ambao mwanafunzi anaufanya chini ya mwalimu mmoja mpaka aandike kitabu chake cha kumalizia. Kwa binti yetu shida ya kwanza haikuwa hesabu. Ilikuwa Kiingereza. Alisoma miaka yote kwa Kifaransa, na miezi ya mwanzo alikuwa anarudi chumbani kusoma somo lilelile mara ya pili na kamusi pembeni.

Nchi ile imejaliwa sehemu kavu, tupu, zisizo na taa nyingi. Mjini Sutherland, kilomita karibu 370 kutoka Cape Town, kuna darubini inayoitwa SALT, iliyofunguliwa mwaka 2005. Kioo chake kina upana wa mita 11 hivi, nacho si kipande kimoja: kimeunganishwa kwa vioo 91 vyenye pembe sita, kama kitambaa cha viraka kilichoshonwa kwa uangalifu. Na katika jangwa la Karoo kuna MeerKAT, iliyozinduliwa mwaka 2018: madishi 64, kila moja na upana wa mita 13.5, yakifanya kazi pamoja kama sikio moja. Haya hayaangalii nuru. Yanasikiliza mawimbi ya redio kutoka angani, ambayo ni dhaifu mno, hata simu ya mkononi ikiwashwa karibu inayafunika. Kwa hiyo kuna sheria inayolinda eneo lile, iliyotungwa mwaka 2007. Madishi hayo yataingia katika darubini kubwa zaidi inayoitwa SKA, ambayo nchi 8 nyingine za Afrika ni washirika wake. Jirani yetu Zambia imo. Kongo yetu haimo.

Kazi ya binti yetu ni kutumia namba za MeerKAT ili kujua galaksi moja inazunguka kwa mbio gani. Galaksi ni mkusanyiko wa nyota nyingi mno. Ule utepe mweupe tunaouona angani usiku wa kiangazi ni galaksi yetu wenyewe, tukiitazama kutoka ndani. Kati ya nyota kuna gesi ya haidrojeni, na gesi hiyo inatoa mawimbi ya redio yenye urefu wa sentimita 21. Gesi ikija upande wetu, mawimbi yanakuwa mafupi kidogo. Ikienda mbali, yanakuwa marefu kidogo. Ni kama honi ya kamyo kwenye barabara ya Likasi: ikikukaribia sauti ni kali, ikishapita inashuka. Kwa kupima tofauti hiyo wanajua mbio ya gesi.

Hapo ndipo tulipomjua Vera Rubin wa Marekani, ambaye sasa wamama wetu wanamtaja kama jirani. Rubin alimaliza masta yake ya astronomia katika chuo cha Cornell mwaka 1951. Desemba 1950 alikwenda kusoma kazi yake mbele ya wataalamu, na mtoto wake wa kwanza alikuwa na majuma machache tu tangu azaliwe. Wazazi wake waliwapeleka kwa gari katika theluji. Wakati ule chuo cha Princeton hakikupokea wanawake katika masomo ya juu ya astronomia, na kiliendelea hivyo mpaka mwaka 1975. Rubin alifanya udaktari wake katika chuo cha Georgetown, kwa masomo ya jioni. Hakujua kuendesha gari, kwa hiyo mumewe alimpeleka na kumngoja, akila chakula chake cha jioni ndani ya gari, huku wazazi wa Rubin wakibaki na watoto. Alimaliza mwaka 1954. Watoto wake wote 4 baadaye walifika udaktari katika sayansi na hesabu. Miaka ya 1960, alipokwenda kufanya kazi katika darubini kubwa ya Palomar, hakukuta choo cha wanawake. Akakata kartasi umbo la sketi, akaibandika juu ya picha ya mwanaume iliyokuwa mlangoni. Hadithi hiyo tuliomba aturudilie mara tatu.

Na Rubin aligundua nini? Watu walitazamia kwamba nyota zilizo pembeni mwa galaksi zinakwenda polepole kuliko zile za katikati, kama sayari za mbali zinavyozunguka jua polepole. Yeye na mwenzake Kent Ford walipima wakaona za pembeni zinakwenda karibu mbio ileile. Kwa mbio hiyo zilipaswa kurushwa nje. Zungusha ndoo ya maji kwa nguvu: ukiiachia mkono, inaruka. Basi kuna kitu kinazishika, kisichotoa nuru yoyote. Wataalamu wanakiita maada ya giza, na wanakadiria kwamba uzito wake ni kama mara 5 ya uzito wa vitu vyote vya kawaida ulimwenguni. Bado hakuna anayejua ni kitu gani. Mama anayeuza makala alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe hata kule juu kuna wenye kushika bila kuonekana." Rubin alifariki mwaka 2016. Darubini mpya huko Chile ina jina lake, na Juni 2025 ilionyesha picha zake za kwanza.

Lakini hatutaki mfikiri kwamba habari yote ni tamu. Mtoto sasa ana miaka 5. Bibi yake anamwita "mama". Mama yake mzazi anamwita "mama wa telefone". Mara ya kwanza binti aliposikia hivyo alikata simu, akapiga tena baada ya nusu saa, akaongea kama kawaida. Bibi tangu hapo anafanya jambo moja: kila jioni anaweka picha mezani na kusema, "Huyu ndiye mama yako, mimi ni mama yake." Mtoto anaelewa. Halafu anarudia "mama wa telefone".

Mwaka jana, mvua zilipoanza, mtoto alipata malaria kali akalazwa. Mama yake alikuwa na mtihani kesho yake. Tulikaa uani mwa hospitali, wamama 5 na baba aliyekuwa amefika kutoka Kolwezi, tukijadiliana: tumwambie au tungoje? Wengine walisema akiambiwa atashindwa mtihani, na miaka yote itapotea. Lakini kabla ya kuondoka alikuwa amefanya nasi patano moja: tusimfiche lolote la mtoto, hata kama liwe saa gani. Tulimwambia. Usiku ule wamama walipeana zamu, na kila saa mmoja alimtumia ujumbe: homa imeshuka, amekunywa maji, amelala. Asubuhi aliingia katika mtihani. Mtoto alirudi nyumbani baada ya siku 4. Mtihani aliupita, si kwa alama za juu, lakini aliupita.

Wako wamama wanaotuuliza: mngejua yote haya, mngempa mkopo? Wale 15 wanasema ndiyo. Kati ya wale 8, watatu wanasema ndiyo sasa, watano bado wanasema hapana. Ndivyo kikundi chetu kilivyo, na bado tunakula bukari katika sahani moja.

Tukiulizwa ushauri, tunao huu. Binti yako akikuletea barua ya masomo ya mbali, usianze na jina la somo, maana jina geni linaogopesha bure. Muulize bursi inalipa nini na hailipi nini, na uione kwa macho yako imeandikwa. Muulize masomo ni ya lugha gani, na aanze kujifunza lugha hiyo kabla ya safari. Muulize akimaliza atakuwa anajua kufanya nini kwa mikono na akili yake. Na kama ana mtoto, andikeni majina: nani asubuhi, nani jioni, nani usiku wa homa. Kama majina hayatoshi, mwambieni ukweli huo mapema. Mwanamke mmoja hawezi kusoma masta akiwa na mtoto kama hakuna mikono mingine. Rubin alikuwa nayo. Binti yetu anayo, na mikono yenyewe inachoka.

Sasa kuna jambo jipya. Mwalimu wake amemwambia akimaliza kitabu anaweza kuendelea na udaktari, miaka 3 tena. Binti anataka. Mume amesema anataka kwanza wakae wote watatu chini ya paa moja, Cape Town au Kolwezi, lakini pamoja. Bibi hajasema kitu. Mwezi ujao binti atakuja likizo, na mambo yatazungumzwa nyumbani kwao kabla ya kuletwa kwetu. Tutakachoambiwa tutawaandikia, kama wataruhusu.

Akiwa hapa amekubali kuongea na wasichana wa mwaka wa sita wanaosoma sayansi, pamoja na mama zao, Jumamosi ya tatu ya Desemba, saa kumi jioni, mahali petu pa mkutano. Waleteni, hata wale wanaosema hesabu ni ngumu. Chukueni na mikeka, maana sehemu ya pili itakuwa nje baada ya giza kuingia, kama mawingu yataturuhusu kuona Kilimia.